Majira ya Nukta

Mama ameniuliza leo, hapa Hombolo, tukichambua zabibu,
kama kile kindege changu cha kule Kongo
kingemwona mbuzi wake aliyepotea tangu Jumanne.
"Yule mwenye sikio lililokatika," akaongeza,
kana kwamba nitafungua simu nimtafute sasa hivi.

Nikacheka. Kisha nikanyamaza, maana jibu ninalo.

Miezi kumi na minne nilikaa ndani ya kontena la chuma,
kofia ya buluu ikining'inia msumarini,
feni moja, skrini nne, chai imepoa.
Kazi yangu ilikuwa kuutazama usiku
kwa kamera isiyojali giza:
chenye uhai kilikuwa cheupe,
kilichopoa kijivu,
na kilichokufa kilififia taratibu
kama kaa lililosahauliwa jikoni.

Wiki ya tatu mashine ikapiga kengele.
Vyanzo vya joto arobaini, vimeviringana mteremkoni.
KAMBI, ikaandika, kwa herufi nyekundu, bila haya.
Kapteni akanyanyua simu.
Nikasema: subiri, afande.
Mimi nimezaliwa kwenye tembe, zizi likiwa mlangoni.
Najua samadi hushika joto hadi alfajiri.
Najua ng'ombe hulala katikati, watu pembeni,
na ndama hutengwa,
ndicho kile kidoa, kona ya kushoto.
Koplo Ntandu, mtu wa Ikungi, akasogea, akakodoa macho:
"Zizi hilo, afande. Wanacheua."
Simu ikarudi mahali pake.
Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Kuna usiku mwingine, ambao sijamsimulia mama.

Nukta kumi na saba zikashuka bondeni kwa mstari mmoja,
mwendo wa watu wanaojua waendako.
Nukta nyingine, ndogondogo, zimelala kando ya mto,
mbili mbili, tatu tatu,
jinsi watu wanavyolala wakiwa na blanketi moja.
Hapo hapakuwa na zizi.
Nikaandika majira ya nukta, tarakimu kwa tarakimu,
nikatuma. Saa saba na dakika nne.

Ripoti ikapanda ngazi. Ikahitaji sahihi.
Mwenye sahihi akahitaji tafsiri.
Tafsiri ikahitaji mtu, na mtu akahitaji kuamshwa.
Helikopta ikahitaji mawingu yapungue.
Kindege chetu kikazunguka juu, kikizunguka,
jicho zima, mkono hakina.
Ntandu akawa anaita redioni,
anaita, anaita, kwa ile sauti ya adabu tuliyofundishwa.

Saa saba na thelathini na moja mstari ukafika mtoni.

Nilitazama. Ndiyo kazi niliyotumwa.
Cheupe kikawa kijivu.
Picha zilikuwa safi kabisa.
Zimehifadhiwa, zina namba.

Wiki ijayo nitasimama darasani Ihumwa
mbele ya vijana wanaokwenda kupokea zamu.
Nitawafundisha betri, mwinuko, upepo wa mchana,
namna ya kutofautisha jembe na bunduki begani.
Watauliza masafa. Vijana hupenda kuuliza masafa.
Mwalimu wetu wa hisabati pale Hombolo
alichora mistari miwili ubaoni, akasema inatosha
kuipata nukta yoyote duniani.
Alikuwa mtu mwema. Mstari wa saa hakuuchora.

"Sasa? Kingemwona?" mama anauliza tena.
Kichala mkononi mwangu kimepasuka, nyuki wameshafika.
"Kingemwona, mama. Hata sikio."
Akafurahi. "Halafu?"
"Halafu ningeandika ripoti."

Akanitazama kidogo,
akajifuta mikono kwenye khanga,
akachukua fimbo nyuma ya mlango
akashika njia ya bwawani, jua likiwa kali bado,
akimwita yule mbuzi kwa Kigogo.